Simu ya binti yangu iko kwenye droo ya kibanda changu

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga, kwenye moja ya zile barabara za namba; ipi, naomba nisiitaje. Mke wangu anauza sokoni Mgandini. Tuna watoto watatu, na mkubwa ni binti wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa.

Nianze na la aibu, lisije likanisuta mbele ya safari. Shule yao hairuhusu simu. Imeandikwa kwenye fomu ya kujiunga, na mimi niliitia saini. Lakini kila asubuhi kabla ya saa moja wanafunzi hupita kibandani kwangu, kila mmoja ananiachia simu yake na shilingi 300, jioni anaichukua. Naziweka kwenye kopo kubwa la biskuti, na siku nyingine zinafika simu 20. Nilianza na mtoto mmoja wa jirani, nikajiona naokoa jahazi: bora simu ikae kwangu kuliko darasani. Sasa ndiyo hela ya kodi ya kibanda.

Simu ya binti yangu niliiunda mwenyewe. Bodi ya simu moja, kioo cha nyingine iliyoingia maji, betri mpya. Laini imesajiliwa kwa kidole changu. Tulikubaliana ni ya nyumbani, baada ya Maghrib, kwa ajili ya fizikia na kemia, na asubuhi ilale koponi pamoja na za wenzake.

Wiki tatu zilizopita kuna siku hakuiacha, nami nilikuwa nimeinamia bodi ya mteja, sikuona. Siku hiyo mwalimu mmoja alimchapa mvulana wa kidato cha pili nyuma ya madarasa, na binti yangu akarekodi kupitia dirishani. Mtoto analia, anaomba msamaha, anamwita mama yake. Binti anasema alihesabu fimbo tisa. Akaituma kwa rafiki yake mmoja tu. Kufika Isha, video imeenea kwenye magrupu ya shule tatu. Kuna aliyeiwekea singeli. Kuna aliyetengeneza stika ya uso wa yule mtoto. Wamempa na jina, wanamwita "Mama Nakufa". Tangu Jumatatu iliyofuata hajakanyaga shule.

Sasa lililonikosesha usingizi. Mama wa mtoto yule ndiye anayeuza chai na maandazi mbele ya kibanda changu. Miaka saba nakunywa chai yake, mara nyingi kwa deni, na hata leo ananidai. Hajui nani alirekodi. Alhamisi iliyopita alinijia na simu yake akasema: "Fundi, wewe unazijua hizi. Hebu niangalizie, ilianzia kwa nani?" Nikaishika, nikajifanya nabonyezabonyeza. Lakini mwanzoni mwa ile video kuna sauti inanong'ona, "Ya Rabi, ya tano hiyo." Mwalimu, ni sauti ya mwanangu. Hapo ndipo na mimi nilipojua. Nikamrudishia mama wa watu simu yake, nikamwambia haiwezekani kujua.

Jioni nilimbana binti, akakiri, akalia. Alisema, "Baba, nilitaka watu waone anavyotupiga." Nikamnyang'anya simu, nikaifungia kwenye droo.

Shule imeita wazazi wote wa kidato cha pili na cha tatu, Jumatano ijayo. Mwalimu wa nidhamu ametangaza mstarini kwamba aliyerekodi atafukuzwa na simu yake itapondwa mbele ya wenzake. Kuhusu fimbo tisa sijasikia neno.

Mke wangu anasema niiflashi ile simu, nifute kila kilichomo, niiuze Pangani huko, yaishe. Kwangu ni kazi ya dakika chache. Lakini kila nikiitoa kwenye droo mkono unakuwa mzito. Nikisema, binti ana mtihani wa kidato cha nne mwakani, anapoteza shule, na kopo langu linajulikana. Nisiposema, kila asubuhi naletewa chai na mama wa mtoto yule. Nifanye nini?

Fundi, Ngamiani


JIBU

Marahaba, baba.

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikaenda kuchemsha chai, na chai yenyewe ikanishinda kunywa.

Unaniuliza kama uiflashi simu au useme. Mimi naona umeniletea mambo manne yaliyofungwa kwenye leso moja: mtoto aliyechapwa, mtoto aliyerekodi, mama anayekuamini, na kopo la biskuti. Wewe unatafuta tendo moja litakalomaliza yote kwa pamoja, ndiyo maana mkono unakuwa mzito. Na kuna mtu mmoja ambaye katika barua nzima hakuna aliyemwuliza kitu. Ni yule mvulana. Hatujui anataka nini. Sisi wakubwa tunahangaika na simu, shule na majirani, yeye kajifungia ndani.

Kabla sijaendelea niseme na mimi langu la aibu, maana wewe umetangulia. Nimefundisha sekondari miaka mingi na fimbo nimeishika. Kuna siku nilizidisha, na hakukuwa na simu dirishani. Kwa hiyo nikiongelea zile fimbo tisa usinione nimekaa juu ya mnazi nawatazama walimu wenzangu.

Tuanze na kuflashi, kwa sababu hilo ndilo liko karibu na mkono wako. Wewe ni fundi, unalijua hili kuliko mimi: ukiifuta ile simu umefuta nakala moja. Ile ya rafiki yake ipo, za magrupu zipo, na stika ya uso wa mtoto itaendelea kuzunguka hata simu yako ikishafika Pangani na kupata mmiliki mpya. Kitakachofutika ni nakala ya kwanza tu, isiyo na singeli wala kicheko, inayoonyesha hasa kilichotokea. Tena sauti uliyoitambua wewe kwa maneno matano, unadhani wanaokaa naye dawati moja hawajaitambua? Rafiki aliyetumiwa naye ana mdomo, na Jumatano ikikaribia atatetemeka. Mimi si mwanasheria, wala sikutishi, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kinachomgusa mtu anayefuta taarifa kwa nia ya kuzuia uchunguzi. Na laini imesajiliwa kwa kidole chako. Ikifuatiliwa, jina litakalotokea ni lako, si la mtoto.

Namwelewa mkeo. Anamlinda mwanawe kwa njia iliyo karibu. Ila mwulize taratibu: yatakwisha kwa nani?

Sasa fimbo tisa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kama ni kweli zilikuwa tisa, nyuma ya madarasa, basi alichokirekodi binti yako si utundu wa mtoto mwenye simu tu. Mwanafunzi akija na maneno matupu kwamba alichapwa tisa, huulizwa shahidi yuko wapi. Shahidi yumo kwenye droo yako. Na huyo huyo ndiye anayemfanya mvulana asitoke nje. Huwezi kumwita huyu shahidi bila kuitia chumvi aibu ya mtoto, na huwezi kuifuta aibu kwa kumfukuza shahidi, maana aibu imeshahamia kwenye simu nyingine.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Umeandika kana kwamba ile video ni yako na binti yako, muamue kuificha au kuitoa. Shule nayo inaizungumzia kana kwamba ni mali yake, ya kupondwa mstarini. Mimi naona mwenyewe ni yule mtoto aliyemo ndani, na mama yake. Wao ndio wa kuulizwa kama inahifadhiwa ipelekwe mbele, au inazikwa. Pengine mama atasema, "Ninataka huyo mwalimu ajibu." Pengine atasema, "Fundi, mwanangu ameshachekwa vya kutosha, sitaki mtu mwingine hata mmoja aitazame." Yote mawili yana haki. Lakini hawezi kusema lolote wakati umemwambia haiwezekani kujua.

Twende kwa binti. Neno lake, "nilitaka watu waone", usilimeze zima wala usilitupe. Watu gani? Rafiki mmoja si watu. Mkuu wa shule ni mtu, wewe baba yake ni mtu, afisa ustawi wa jamii ni mtu. Kaa naye, mpe simu mkononi mwake, aifungue mwenyewe, asome kwa sauti alichoandika chini ya video alipoituma. Usiingie kwa ufundi wako akiwa amelala; ukifanya hivyo utajua maneno yake na utampoteza yeye. Kama chini yake kuna vikatuni vya kucheka machozi, usishtuke ukamwona mnafiki. Ile "ya Rabi" ni ya kweli pia. Mtoto wa miaka 16 anaweza kumhurumia mtu na kumcheka ndani ya dakika moja, na simu inamruhusu kuyafanya yote mawili kabla moyo haujachagua. Hata sisi watu wazima kwenye magrupu ya harusi na misiba, mara ngapi tumefowadi kwanza tukafikiri baadaye?

Kuna kitu anaweza kukifanya sasa, na ningependa kitoke kwake: amwandikie yule rafiki, awaandikie wasimamizi wa magrupu anayoyajua, aombe ifutwe, na aseme ni yeye aliyeirekodi. Muda wa kuifuta kwa wote kwenye WhatsApp umekwisha, hilo unalijua. Mishale miwili pale juu inaonyesha imeshapita mikono mingi, na kwa sasa kila anayeifowadi anaruhusiwa kuituma sehemu moja tu kwa mara moja. Haitakwisha yote. Lakini mvulana akisikia kwamba kuna mtu anaizuia kwa jina lake mwenyewe, si sawa na kusikia kicheko peke yake. Hatari yake ni kwamba akishaandika hivyo amejianika, na habari itafika shule kabla yako. Kwa hiyo mpange nani anatangulia kusikia.

Hapo njia zinagawanyika, na kila moja ina miba yake.

Unaweza kumwendea mama wa chai kabla ya Jumatano. Anaweza kukufokea barabarani mbele ya wateja wako wote. Anaweza kwenda polisi, ni haki yake, maana ile sheria ya 2015 inawagusa pia wanaotumia mtandao kumtesa mtu, na hatutaweza kumlaumu. Anaweza kunyamaza, na kunyamaza kwake kukawa kugumu kuliko kelele. Nakumbusha jambo moja tu: umesema wameitwa wazazi wa vidato vyote viwili. Maana yake Jumatano naye atakuwa pale. Pengine mtakaa benchi moja, mwalimu wa nidhamu anauliza nani anajua, na wewe unatazama sakafu.

Unaweza kwenda shuleni kwanza, wewe na binti, mkamwona mkuu wa shule faragha. Wakuu wengi humtazama tofauti aliyekuja mwenyewe na aliyekamatwa. Si wote. Anaweza kumsimamisha. Kumfukuza moja kwa moja si jambo la kutangazwa tu mstarini. Bodi ya shule lazima ihusike, na mzazi ana haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Hatari kubwa ninayoiona huko ni nyingine: kwamba simu itapondwa kwa kishindo, watoto watashangilia, na fimbo tisa zitazikwa chini ya vioo vilivyovunjika. Ukienda, usiikabidhi simu bila maandishi yanayosema imepokelewa na nani na kwa ajili gani. Nisingependa pia uende na ile video kama ngao, kwa lugha ya "mkimgusa wangu naitoa". Hapo utakuwa umemtumia mtoto wa mwenzio mara ya pili.

Kuna mlango wa pembeni. Afisa ustawi wa jamii anaweza kusikiliza pande zote bila kupiga kengele ya shule, na kuna simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, haina malipo. Anaweza kupiga mama wa mvulana, unaweza kupiga wewe, hata binti. Mlango huu ni wa polepole, na wako watakaokuambia umepeleka mambo ya mtaa serikalini. Lakini mvulana aliyekaa nyumbani wiki mbili na zaidi anahitaji mtu mzima ambaye si mzazi wala mwalimu, wa kukaa naye.

Na unaweza kukaa kimya. Sitajifanya kwamba hilo haliwezekani. Watu wengi wangelichagua. Ila kimya chako si cha kukaa tu. Kila asubuhi utakuwa unapokea kikombe na kusema "ahsante mama", na kila siku uongo wa Alhamisi utaongezeka kimo.

Sasa kopo. Hili nitalisema haraka, kwa sababu nadhani jibu unalo. Uliliona ni ustaarabu, na siwezi kusema hakuna ukweli ndani yake: simu 20 zilizo kwako ni simu 20 zisizo darasani. Lakini tazama pia upande wa pili. Mtoto ambaye mzazi wake hajui kama ana simu anapata mahali pa kuificha, na wewe unapata shilingi 6,000 siku kopo likijaa. Siku yenyewe ilipofika, kopo halikuzuia hata simu ya mwanao. Ukiliacha, wataenda kibanda cha pili au watazirudisha kwenye soksi, hilo nalo ni kweli. Kabla hujaamua, jaribu kufanya hesabu moja: katika zile 20, ngapi unajua wazazi wake wana habari? Hao wengine ungewarudishia nani? Na kodi ya kibanda utaitoa wapi, maana hilo si dogo, na mkeo alijue.

Usinielewe vibaya kuhusu katazo lenyewe. Kuna wazazi wanaoliona ni ushamba wa shule zetu. Ufaransa tangu 2018 imewawekea wanafunzi wake wa msingi na wa ngazi ya kati sheria ya kutotumia simu shuleni, na huko intaneti si ya kutafuta kwa tochi. Katazo halisemi simu haina faida. Binti yako ana haki na fizikia yake. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, vinasomeka bure, na mitihani ya nyuma ya NECTA inapatikana. Hivyo vyote vinafunguka baada ya Maghrib, sebuleni, au jioni hapo hapo kwenye meza yako ya ufundi baba akiwa pembeni na koleo lake. Makubaliano yenu ya mwanzo hayakuwa mabaya. Kilichokosekana ni kwamba mlikubaliana saa za kutumia simu, hamkuzungumza kabisa kuhusu mtu mwingine anayeonekana kwenye kamera yake. Wazazi wengi tuko hivyo. Tunauliza bando limeishaje, hatuulizi umempiga picha nani na kama alikubali.

Ile simu kwa sasa naiona bora ilipo, droo ifungwe, isiguswe na fundi wala na mama mtu, mpaka mama wa mvulana na mwanawe watakapokuwa wamesema neno lao. Lingine sikuamulii. Unaijua barabara yako, unamjua yule mama, unaijua sauti ya binti yako akiwa anasema kweli. Ukiamua kumwendea mama, nenda na binti, lakini uanze wewe, kwa sababu aliyemdanganya Alhamisi si mtoto. Msiende asubuhi wateja wamejaa. Nendeni jioni nyumbani kwake, na mvulana akikataa kutoka chumbani msimlazimishe kuja kupokea samahani.

Na deni la chai ulilolitaja, lilipe kabla hujafungua mdomo, asije akadhani unasema kwa sababu unadaiwa.